Robo ya Maumivu

Madam Leontina alipanda juu ya mzani wa malori ili atujibu. Sheria inamtaka mwajiri ajibu mapendekezo ya kamati ya usalama kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wafanyakazi wote, akiwa mahali anapoonekana. Mahali pengine palipoinuka pale kiwandani ni kwenye midomo ya matanuru, na huko hajawahi kufika tangu aletwe kutusimamia. Kibao chekundu nyuma yake kikaonyesha kilo themanini, watu wa mstari wa nyuma wakachekea mikononi. Yeye hakugeuka.

"Pendekezo ni moja," akasema kwenye kipaza sauti. "Kamati inataka tulizo lipunguzwe, ili mfanyakazi yeyote aliye ndani ya geti asikie robo ya maumivu yake, bila kubagua. Ndivyo mlivyoandika, Mwenyekiti?"

"Ndivyo," nikajibu. Mwenyekiti ni mimi, Siwatu Mhina, mpakuaji wa chokaa kwenye tanuru la tatu. Mdomo wangu unajulikana Tanga nzima, na siuombei radhi.

Sheria inampa mwajiri majibu matatu tu. Nakubali, nakataa, au nakubali kwa majaribio. Kukataa ni kubaya kwake, maana lazima ataje sababu, na sababu ikija kuonekana ni ya uongo, anashtakiwa yeye kwa jina lake, siyo kampuni. Ndiyo maana mabosi wa siku hizi hawakatai kitu. Wamejifunza kukubali kwa namna ambayo utatamani wangekataa.

"Nakubali kwa majaribio," akasema Madam. "Mwezi mmoja. Na watakaojaribiwa ni wale waliopendekeza. Kesho asubuhi wanakamati watano watashushiwa tulizo, nyie wengine mtabaki kama mlivyo. Mmoja wao akiomba arudishiwe kabla ya mwezi kwisha, pendekezo limekufa. Wakifika mwisho, Mwenyekiti atapanda hapa hapa aseme kama kamati inaendelea au inaondoa. Akisema inaendelea, nitawakubalia wote."

Kicheko kilichotoka pale hakikuwa cha furaha. Semkiwa, msimamizi wetu wa shifti, akanipita karibu kabisa, bega lake likanigusa.

"Mmejitakia wenyewe," akasema. "Msije mkatulilia."

"Nikilia nitalia kwa mama yangu, siyo kwako," nikamwambia. 

*

Kila mmoja wetu ana punje chini ya ngozi, nyuma ya shingo, ndogo kama chembe ya mchele. Ukivuka geti, geti linaiamsha. Shingo inapoa, kisha kila kinachokuuma kinaondoka: jino, mgongo, hata tumbo la mwezi. Hilo ndilo tulizo. Ukitoka jioni, kila kitu kinarudi kwa mpigo mmoja. Kampuni ilijaribu mashine kwanza kwenye kazi yetu, lakini vumbi la chokaa lilikula viungo vyake, na mashine ikiharibika inaagizwa ng'ambo. Mtu anaagizwa mitaa ya jirani, Kwaminchi au Mabawa, anafika kesho yake.

Nje ya geti tulizo ni kosa la jinai. Miaka ya mwanzo watu walikwenda nalo nyumbani, wakawa wanaungua jikoni bila kujua, mama mmoja akapika na mkono wake ndani ya sufuria. Serikali ikapiga marufuku. Kwa hiyo maumivu yetu yana mpaka, na mpaka wenyewe ni ule mstari wa njano chini ya geti.

Kwa sababu ya mstari ule, tuna jambo letu ambalo hakuna bosi aliyetufundisha. Tunaliita kukaguana. Shifti ikiisha, kabla ya kutoka, tunasimama wawili wawili, wanawake nyuma ya mabati, wanaume upande wa stoo. Unamvua mwenzako buti, unamwangalia nyayo, vidole, mgongo, mpaka ndani ya mdomo, halafu unamwambia ulichokiona. "Kidole cha nne, lengelenge." "Goti limevimba." Humfichi wala humpunguzii, ili akivuka mstari awe anajua kinachomngoja. Mwenzako wa kukaguana anakujua kuliko dada yako wa tumbo moja.

Mwenzangu ni Mwajabu. Masika iliyopita mvua iliingia kwenye buti lake, na ndani ya buti mlikuwa na unga wa chokaa kali. Chokaa ile ikikutana na maji inachemka. Mwajabu alifanya kazi na mguu unachemka mpaka shifti ikaisha, tena anaimba. Nilipomvua buti niliuona mfupa. Nikamwambia kama inavyotakiwa. "Mguu wa kushoto, Mwajabu. Wote."

Akauangalia kama mguu wa jirani. Akasema, "Basi mimi sitoki."

Akakaa chini, ndani ya mstari, akakataa katakata. Ndani pale hakuwa na shida yoyote, alikuwa anaomba maji ya kunywa. Lakini hospitali iko nje, na dawa ya kuondoa maumivu haikamati mpaka punje ilale kabisa, na kulala kwake kunachukua siku nzima. Wanaume wanne walimbeba. Mimi nilishika kichwa. Sauti aliyoitoa tulipovuka mstari nimeiombea isinirudie usingizini, na inarudi.

Ndipo nikaita kamati. Robo tu, nikasema. Robo inatosha kumfanya mtu autoe mguu kabla haujawa mfupa.

*

Siku ya kwanza ya majaribio nilijua kwamba nilikuwa sijawahi kulijua tanuru. Miaka yote ile nililiona kama ukuta wenye mwanga. Sasa lilikuwa na pumzi, na pumzi yake ilinichoma kope. Beleshi lilikuwa na uzito. Mgongo ulikuwa na jina na baba. Nilirudi nyuma kila mara, nikapunga hewa, nikaingia tena, na toroli langu likawa linajaa wakati ya wenzangu yameshamwagwa mara mbili.

Na shifti haitoki mpaka tanuru liishe. Hilo ndilo Madam alilolipigia hesabu. Sisi watano tukichelewa, wote wanachelewa. Kufikia wiki ya pili hakuna aliyenisalimia. Beleshi langu lilifichwa. Mtu aliandika kwa chokaa kwenye kabati langu, MAMA ROBO. Mke wa mtu ambaye tumekula naye futari Ramadhani nzima alinikata jicho sokoni, akahamia kwa muuza nazi mwingine.

"Mtoto wangu siku hizi namkuta amelala," akaniambia mmoja kwenye foleni ya chai. "Kwa sababu wewe unaogopa joto."

"Siogopi joto. Nalisikia. Wewe hulisikii, ndiyo maana nyusi zimekuisha."

Akashika nyusi zake, kisha akatukana.

Kisha jamaa mmoja wa tanuru la pili akatia kokoto la moto ndani ya glavu yangu, ili nirukeruke watu wacheke. Niliingiza mkono, nikautoa papo hapo, kokoto likadondoka. Kweli niliruka. Kweli walicheka. Kidoleni nikapata alama nyekundu ya ukubwa wa punje ya mtama, basi. Yeye aliyelibeba kokoto lile kwa mkono mtupu kutoka tanuru la pili mpaka la tatu, huku anawakonyeza wenzake, kiganja kilikuwa kimetoboka. Mwenzake wa kukaguana ndiye aliyemwambia jioni. Nilimwona amesimama mbele ya mstari wa njano, anaubembeleza mkono wake, hataki kuvuka.

Nilidhani wataelewa. Kesho yake wakasema nimemroga.

*

Mwajabu alikuwa amerudi kazini kabla ya majaribio, na mguu wa chuma chini ya goti. Walimweka stoo, akae kwenye kiti ashone midomo ya magunia. Nilifurahi kumwona. Alikuwa mchangamfu, anatania wabeba mizigo, anaimba zile taarabu zake za kusutana. Nikadhani amepona.

Jioni moja nyuma ya mabati, nimemaliza kumkagua, nilikuwa nimeshika mguu wake mzima mkononi, akasema, "Ondoa lile pendekezo."

"Lipi?"

"Usinifanye mjinga, Siwatu. Ondoa."

Nikamuuliza nani amemtuma. Akaniangalia mpaka nikaona haya.

"Ule mguu mliouacha hospitali unaungua," akasema. "Haupo na unaungua. Nikilala unaungua, nikiswali unaungua. Nimekunywa kila kidonge walichonacho hospitali ya Bombo, nimechanjwa, nimefukizwa. Hakuna. Ila nikivuka geti hili asubuhi unazimika. Watu wanakuja hapa kuchoka. Mimi nakuja hapa kupumzika. Nacheka hapa, nakula hapa chakula kikapita kooni. Sasa wewe unataka unifuate na huku ndani."

"Ni robo tu, dada."

"Robo ya moto wangu huijui."

"Niliandika kwa ajili yako."

"Uliniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Alikuwa wodini wakati ule, na mimi nilikuwa na hasira, nikaona hasira yangu inatosha kuwa ruhusa yake.

Na yale maneno, yeyote, bila kubagua, tuliyaandika kwa makusudi. Mwaka wa nyuma tulipendekeza barakoa za vumbi kwa wapakuaji wote. Madam akakubali, akarudi ofisini, akawabadilishia nusu ya wapakuaji vyeo, wakaitwa wasafishaji, barakoa wakanyimwa. Tukaapa hatutaacha tundu tena. Tukaziba kila tundu la pendekezo hili, tukakagua neno kwa neno, tukapongezana. Mwajabu tulimzibia ndani.

*

Ofisi ya Madam iko nje ya geti. Hana punje, na sijui kama amewahi kuumwa na kitu. Siku mbili kabla ya mwezi kwisha nilikwenda nikakaa bila kukaribishwa.

"Nataka kuongeza maneno kwenye pendekezo," nikasema. "Isipokuwa kwa mgonjwa anayehitaji tulizo kamili kama tiba, na huyo asipelekwe kwenye moto."

"Maneno mazuri." Alikuwa anamenya chungwa, ganda moja refu lisilokatika. "Ila ukibadilisha neno moja, ni pendekezo jipya. Jipya linasubiri mwaka. Huu mwezi wenu wa kuungua utakuwa haukuwepo."

"Unaweza kukubali kwa hiari yako. Hakuna sheria inayokukataza kuwa binadamu."

"Sheria nimeisoma, Siwatu. Hata wewe umeisoma, ndiyo maana tunachukiana vizuri." Akaweka chungwa chini. "Sikiliza. Ukipanda mzani useme kamati inaondoa, namwandikia Mwajabu haki ya kuingia ndani ya geti maisha yake yote. Awe na kazi, asiwe na kazi, aje akae, ashone, alale. Ukisema inaendelea, naliweka pendekezo lenu kama lilivyo, kwa yeyote, bila kubagua. Na mshonaji wa magunia asiyeweza kukaa kwenye kiti kwa maumivu, nitamwachisha kwa taratibu zote."

"Unamtumia mtu aliyekatika mguu."

"Wewe ulianza. Nilikuwepo siku ile ulipohutubia. Mguu wake uliutaja kila baada ya sentensi mbili."

Niliondoka bila kuaga. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa amesema uongo.

Nikawaita wenzangu wanne wa kamati. Niliwaeleza yote. Wakaangalia chini, mmoja akachora chora mchangani kwa kidole cha mguu. "Wewe ndiye mwenzake wa kukaguana," wakasema. "Utakalosema ndilo letu." Watu wazima wanne, wenye ndevu wawili. Niliwaambia maneno ambayo siwezi kuyarudia, nikaenda kukaa peke yangu.

Nilipiga hesabu ambayo haina jibu. Upande mmoja Mwajabu, ambaye nimeosha mgongo wake na yeye ameosha wangu. Upande wa pili watu sitini wasiotaka hata kunisalimia, na miguu yao. Kama ningekuwa nawapenda, ingekuwa rahisi. Sikuwapenda. Mvua zilikuwa zinarudi.

*

Siku ya jibu ilinyesha asubuhi, jua likatoka, uwanja ukawa unafuka mvuke. Shifti ilisimamishwa katikati ili watu wasikie. Madam alikuwa ameagiza kiti, akamweka Mwajabu mbele kabisa, chini ya mzani, mahali ambapo lazima nimwone.

Nilimwendea yeye kwanza. Nikachuchumaa.

"Nitasema tunaendelea," nikamwambia.

Akawaangalia watu nyuma yake. "Kwa ajili yao? Hawa?"

"Ndiyo. Mvua imerudi, Mwajabu. Siwezi kumvua buti mtu mwingine nikaona nilichokiona kwako."

"Na mimi?"

"Sina la kukupa. Nitapigania ile ruhusa yako mwaka mzima, lakini leo sina."

Akauweka sawa mguu wake wa chuma. Kisha akasema, "Panda. Sema kwa sauti, wote wasikie unachonifanyia."

Nikapanda. Nilisema, "Kamati inaendelea," na kipaza sauti kikanipeleka mpaka kwenye matanuru. Zomeo lilianza nyuma likaja mbele. Mtu alirusha glavu, ikanipiga kifuani.

Madam Leontina akachukua kipaza sauti. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana hasira ya kweli, shingo imemjaa mishipa. "Nakubali," akasema. "Na jibu la kukubali linaanza linapotamkwa." Akainua mkono kuelekea chumba cha mitambo.

"Ngoja," nikasema. "Waache wakaguane kwanza. Hawajakaguana."

"Yeyote, bila kubagua," akasema, akashusha mkono.

Robo ya maumivu ilikuja juu ya uwanja wote kwa pamoja. Zomeo likakatika. Kwa kitambo watu walisimama tu, sura za mshangao, kama waliosahau walichofuata. Kisha mmoja akashika kiuno. Mwingine akashika shavu, jino lililooza miezi. Mama aliyekuwa akinizomea akalikunjua goti lake taratibu, akaliangalia, akaanza kulia kimya kimya. Sitini wale wote walikuwa wakijikagua wenyewe, kila mtu na mwili wake, mikono inatembea.

Mwajabu alikuwa ameinama kwenye kiti, ameuma kanga yake mpaka meno yanaonekana. Hakutoa sauti. Nilimkimbilia, na sikufika, maana nyuma yangu Semkiwa alipiga ukelele akaanguka.

"Buti," alikuwa anasema. "Mguu. Nitoeni buti."

Nilimvua. Mvuke ulitoka kabla ya mguu. Unga wa chokaa ulikuwa umeganda kwenye soksi iliyolowa, na ngozi ya wayo ilikuwa nyekundu, imeanza kufanya malengelenge. Nyekundu tu. Nyama ilikuwepo yote. Mtu akaja mbio na ndoo.

"Msimwagie." Ilikuwa sauti ya Mwajabu. Alikuwa ametoa kanga mdomoni, uso umelowa jasho, anaongea kwa kukatakata. "Pangusa kwanza. Unga wote utoke, kati ya vidole pia. Halafu maji, mengi, msiache kumwaga. Mimi waliniwahishia maji kidogo."

Watu wakafanya kama alivyosema. Wengine walikuwa wameshakaa chini wanavua mabuti yao, wanayakung'uta, na katika mengi ulidondoka unga ule ule. Hakuna aliyesema lolote kuhusu robo. Madam alikuwa ameshashuka mzani anarudi upande wake wa geti.

Mwajabu alisimama kwa kushika kiti. Akaanza kwenda, mguu wa chuma, mguu wa nyama, kuelekea mstari wa njano, maana sasa hata ndani hapakuwa tena na mapumziko yake. Aliponifikia alisimama, akamtazama Semkiwa, kisha mimi.

"Mguu wake utapona," akasema.

"Mwajabu, dada yangu."

"Usiniite. Na kwangu usije, Siwatu. Sikukuu usije, msiba usije. Mtafute mwingine akuangalie mgongo."

Nilitaka kuinuka nimfuate. Semkiwa alikuwa amenishika mkono kwa nguvu zake zote, analia kama mtoto, na katikati ya vidole vyake bado mlikuwa na unga. Nikabaki nimepiga magoti, nikaendelea kupangusa.